Kichwa Ulichomwinamishia Mama Yako

Mwanangu Lemayian,

Salamu tutapeana kwa mdomo ukirudi, kwa hiyo hapa naziruka. Shuleni walitufundisha kwamba barua ya nyumbani inaanza na hali ya afya na hali ya mvua. Afya yangu unaijua, tumekohoa wote usiku kucha, na mvua unaiona mwenyewe kwamba haipo. Naandika kwa sababu nikikaa mbele yako nitafanya yale yale ya siku zote: nitakuuliza kama umekula, nitatazama chini, halafu nitanyamaza. Unanijua. Mimi nikiagiza chumvi dukani nikapewa sabuni, narudi nayo nyumbani kuliko kusema "umekosea".

Sitaandika habari za sweta, wala za mswaki, wala za kusali kabla ya kula. Bibi yako Koko amekuambia hayo wiki nzima na ataendelea mpaka mlango wa gari ufungwe. Mimi nina jambo moja, na linanihusu mimi kuliko wewe. Nina wivu, Lemayian. Nimekuwa nao muda mrefu, na safari hii umefika mpaka kwako.

Sasa hivi ni alasiri. Koko yuko zizini. Mama yako yuko chumbani anapanga nguo zako kwenye lile begi la magurudumu, anazikunja, anazikunjua, anazikunja tena. Wewe umetoka na mbuzi tangu asubuhi na hujarudi kula. Kesho gari linakuja kuwapeleka uwanja wa ndege. Na jana, mbele ya wajomba na wazee wa kanisa na kila aliyekuja kukuaga, ulisimama ukasema, "Mimi siendi. Yeyo haendi, na mimi siendi." Neno hilo la mama, yeyo, ulilisema ukininyooshea kidole mimi. Mama yako mzazi alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi, kikombe mkononi.

Uliona alivyokiweka chini? Mimi niliona. Alikiweka polepole kama mtu aliyeingia chumba cha mgonjwa.

Ulipotoka nje, Mjomba Saning'o akanigeukia. "Naserian, huyu ndama wako anasikia sauti moja tu. Sema naye."

"Atasema," Koko akajibu. "Mwacheni, ana haya huyu."

Tangu jana sijasema, na wote wanadhani ni haya. Ningependa iwe haya. Lakini najua nikinyamaza mpaka kesho, utapanda kule kwenye mawe na mbuzi wako, gari litapiga honi na kupiga honi, na litaondoka bila wewe. Ndiyo maana nimenyamaza.

Sasa nikueleze tulivyofika hapa.

Mama yako alipoondoka kwenda kusoma Marekani ulikuwa na miaka minne, mimi kumi na mmoja. Baba yako alikuwa ameshaenda migodini na hakurudi, hiyo ni habari nyingine na ataieleza mama yako mwenyewe. Asubuhi ile mama yako Esta alikupakata, akakuweka mgongoni kwangu, akaifunga kanga kwa mkono wake, akalijaribu fundo kama limekaza. "Haya, mama mdogo," akaniambia. Ulikuwa mzito jamani. Miguu yako ilikuwa inanigonga magotini nikitembea. Watoto wa jirani wakawa wanapiga kelele, "Oneni mtoto amebeba mtoto!" Lakini neno lile, mama mdogo, lilikuwa limeniingia. Nilijiona mkubwa kuliko mwalimu mkuu.

Mdogo wa mama ni mama, hilo kwetu halihitaji kikao. Ila watu wengine wanalisema kama jina la heshima tu, kama unavyomwita mwenye duka bosi. Mimi nililichukua lote.

Unaukumbuka mkutano wa wazazi ulipokuwa darasa la nne? Koko alikuwa ameenda gulioni Ngaramtoni, nikatoka shuleni kwangu nikaja na sketi yangu ya sekondari. Mwalimu akasoma majina. "Mzazi wa Lemayian?" Nikasimama.

"Binti, nimesema mzazi."

"Mimi ni mama yake mdogo, mwalimu."

Baba mmoja nyuma akasema, "Huyu ni mdogo kweli kweli!" Ukumbi ukaangua kicheko. Nilikuwa nakaa chini, nikasikia sauti yako dirishani, ulikuwa umepanda juu ya tofali: "Ndiye mama yangu! Mnacheka nini?" Mwalimu akaandika jina langu. Kilichoendelea mkutanoni sikukisikia, mpaka leo sijui kama walizungumzia madawati au vyoo. Nilikuwa narudia tu lile ulilosema. Nadhani siku ile ndiyo nilikuchukua. Kabla ya hapo nilikuwa nimekushikia.

Kazi ya mama yako unaijua kwa jina tu, huwa unawaambia wenzako "anauza nyumba". Wala hauzi, nyumba si zake. Nakuandikia vizuri kwa sababu kuna siku utahitaji kujivunia, na mimi sijawahi kukusaidia kujivunia.

Kule aliko kuna watu wengi waliokuja kama yeye, na begi moja. Wakongo, Wasomali, Wakenya, watu wa kila mahali. Wamepanga vyumba miaka na miaka na wanaiogopa benki kama polisi. Mama yako anamchukua mtu kama huyo na kumpitisha, hatua kwa hatua, mpaka awe na mlango wake mwenyewe. Anamtafutia benki itakayomkopesha. Anamsomea makaratasi ambayo hata wenye lugha yao wanayasinzilia. Anaenda naye kuzikagua nyumba. Aliwahi kunionyesha kwenye simu anavyofanya: anafungua bomba zote kwa mpigo, anashuka kwenye chumba kilichochimbwa chini ya nyumba kunusa unyevu, anapanda darini na tochi, na viatu vyake virefu amevishika mkononi. Halafu, wakati yule anayeuza ameshaanza kutazama saa, yeye anatoa chupa ya chai kwenye mkoba. Chai ya maziwa, ya kuchemshia pamoja, yenye tangawizi. Anawakalisha wateja sakafuni, kwenye sebule tupu isiyo na hata mkeka, na wanakunywa. Anasema mtu hawezi kujua kama nyumba ni yake akiwa amesimama.

Hakuanzia hapo. Miaka ya kwanza alikuwa anaogesha wazee usiku na kusoma mchana. Mtihani wa leseni ya kazi hii ulimshinda mara mbili. Koko alidhani ni leseni ya udereva, akawa anamwombea kanisani aache kugonga watu. Alipofaulu alinipigia mimi kwanza, analia, na mimi nikamwambia, "Hongera, dada," kwa sauti ya mtu anayepokea taarifa za msiba wa mbali.

Kuna video aliyonitumia. Mzee mmoja wa Kongo amepewa funguo. Akaingia ndani peke yake, akafunga mlango, akamwacha nje mama yako na mke wake na watoto wote. Wakagonga. Kutoka ndani wakasikia anauliza, "Nani?" Wakagonga tena. "Nasema nani?" Mke wake akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Mama yako ndiye alikuwa anarekodi, unamsikia anasema, "Hajawahi kuuliza hivyo kwenye mlango wake."

Nimeitazama video ile nyuma ya zizi mara nyingi kuliko nitakavyokiri. Na nilimchukia mzee yule, ambaye hajanikosea kitu. Nilikuwa nawaza: amepewa siku nzima ya dada yangu. Anakunywa chai ya Koko. Sisi huku Jumapili tunapata nusu saa na mtandao unakatika, na mlango wa choo chetu unafungwa kwa kamba. Najua bati lililo juu yetu ni yeye. Ada yangu ya sekondari mpaka kidato cha sita ni yeye. Nilijua wakati ule pia. Mwenye wivu anajua mambo yote, hakuna anachokisahau, ila anayapanga anavyotaka.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alitufundisha kwamba wenzetu wana maneno mawili hapa. Moja la yule anayetamani kilicho cha mwenzake. Jingine la yule anayeogopa kunyang'anywa kilicho chake. Darasa zima likabisha, tukasema huo wote ni wivu tu, mwalimu, kwa nini wanajitesa? Mimi nilinyamaza kama kawaida yangu, lakini nilikuwa nimeelewa. Nilikuwa nayo yote mawili kwa mtu mmoja. Nilitamani maisha yake, na niliogopa atakuja kukuchukua.

Na mwaka huu akapata nyumba yake mwenyewe. Miaka yote hiyo aliwapa wengine funguo akiwa amepanga. Akatuma video ya chumba chako: kitanda, dirisha, mti nje ambao hata hakuujua jina. Ulitazama mpaka mwisho, ukaniuliza, "Na yeyo atalala wapi?" Nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi siku mbili nzima.

Aliposema makaratasi yako yamekamilika, niliganda na simu sikioni nikingoja ataje na jina langu. Hakulitaja. Baadaye alinieleza kwamba mzazi anaruhusiwa kumwita mtoto wake akaishi naye kule, lakini mdogo wake haitwi kirahisi hivyo, sheria yao ndivyo ilivyo, nisome kwanza chuo. Nikasema sawa. Kumbe hata kwenye sheria za watu mimi si mama yako.

Kuna Jumapili alizokuwa anapiga nikamwambia umelala. Hukuwa umelala. Ulikuwa unachunga nyuma ya nyumba tu, nilikuwa nasikia unavyopiga mluzi. Hata yeye nadhani alikuwa anausikia. Aliuliza mara moja, "Nani anapiga mluzi?" Nikamwambia mtoto wa jirani. Akasema, "Anapiga vizuri." Basi.

Sasa nifike uwanja wa ndege, siku alipokuja.

Salamu ya kwetu nilikufundisha mimi. Unakwenda mbele ya mkubwa, unainamisha kichwa, unanyamaza, unangoja kiganja kitue utosini, ndipo unainuka. Usiinuke kabla, nilikuambia, kichwa kisichoguswa hakijasalimiwa. Uliijua vizuri mpaka wazee wa hapa kwetu Oldonyo Sambu wanakusifia. Ile siku ulikuwa umejiandaa. Njia nzima tangu tulipopita Ngaramtoni ulikuwa unaniuliza, "Nitajuaje ni yeye?" na mimi nikawa nakujibu utamjua tu.

Akatoka. Amevaa koti refu, anasukuma mzigo, akatuona akauacha mzigo katikati ya watu. Alikuja mikono ameifungua anataka kukukumbatia, na wewe ukasogea hatua mbili, ukainama kama nilivyokufundisha. Kichwa chako kikampiga mdomoni. Nilisikia meno. Akajing'ata, damu ikatoka, watu wakacheka, yule kijana wa teksi akasema, "Mama kapigwa kichwa, karibu Tanzania!" Wewe hukuinuka. Ulibaki umeinama, unangoja.

Na yeye akafanya nini? Akakushika mashavu kwa mikono yote miwili, akakiinua kichwa chako juu. Utosi hakuugusa. Akakutazama usoni, analia, mdomo una damu, anasema, "Nikuone, nikuone."

Nilikuwa nimesimama karibu yako kabisa. Niliona macho yako. Niliona unavyotafuta umekosea wapi.

Kwenye gari ukaninong'oneza, "Yeyo, kwa nini hakunigusa kichwa?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa jepesi: kule aliko watu hawasalimiani hivyo, mikono yake imesahau, na miaka yote hiyo alikuwa anaona paji lako la uso tu kwenye simu, kwa sababu simu nilikuwa naishika mimi na niliishika vibaya. Alitaka kukuona macho. Kumwambia mtoto maneno hayo kungechukua muda wa kupita nguzo mbili za umeme.

Nikakujibu, "Sijui."

Hilo tu. Ukageukia dirishani. Tangu siku hiyo hujamwinamia tena. Unapita pembeni, unamwita mgeni. "Mgeni anauliza maji ya kuoga." "Mgeni kaacha begi lake la matairi mlangoni." Koko anasema umekuwa jeuri, Mjomba Saning'o anasema umedekezwa. Mimi peke yangu nilijua kwamba huna jeuri yoyote. Ulimpa mama yako kichwa, ukadhani amekikataa. Na nikawa nakaa jikoni nasikia unavyomwita mgeni, na kuna kitu ndani yangu kilikuwa kinakaa vizuri, kama mtu aliyepata nafasi karibu na moto.

Leo mchana alinifuata jikoni. Nilikuwa napika mahindi ya loshoro. Akataka kunisaidia, akashika mfuniko wa sufuria mkono mtupu, akautupa, ukaviringika mpaka kwa kuku.

"Hee! Umekuwa Mzungu wa mikono," nikamwambia.

"Nyamaza wewe. Zamani nilikuwa naokota makaa."

"Zamani."

Tukacheka. Halafu akakaa kwenye kuni, na koti lake lile zuri, akapuliza vidole. Akaniuliza bila kunitazama, "Naserian, mtoto ananichukia?"

"Hapana."

"Niambie ukweli, mdogo wangu. Kila siku nakaa na watu waliotoka makwao. Mtu akisema nyumba ni nzuri, najua kama anaiogopa. Huyu simsomi. Nikisogea anakakamaa. Kama ni bora abaki, nitamwacha. Nitalia, lakini nitamwacha."

Lemayian, hapo ndipo nilipopata nilichokuwa nakitaka. Amekiweka mwenyewe mbele yangu. Nilikuwa nahitaji kukoroga sufuria tu, na kusema labda ni bora abaki, dada. Nilifungua mdomo niseme hivyo hivyo. Kilichotoka ni hiki: "Alikuinamia uwanjani. Hukumgusa."

Hakuelewa. Nikaweka mwiko chini, nikainama mbele yake kama unavyoinama wewe. Nikangoja.

"Nilisahau," akasema. "Mungu wangu. Nilisahau mikono inakwenda wapi."

Akasimama anataka kukukimbilia huko malishoni na viatu vyake hivyo. Nikamshika koti. Nikamwambia angoje, kwa sababu kusahau ni kwake lakini "sijui" ni yangu, na wewe unapaswa kuisikia kwangu kwanza. Nilitegemea anipige kofi, alikuwa ananipiga zamani nikimmalizia maziwa. Aliuliza tu, "Na ule mluzi?" Nikamwambia ndiyo, ulikuwa wewe. Akaingia chumbani, na ndipo akaanza kukunja nguo zako na kuzikunjua.

Kwa hiyo hivyo ndivyo ilivyo. Unayemwita mgeni alikuja kwako kwa mbio mpaka akaumia mdomo. Wewe ulitaka kuguswa kichwa, yeye alitaka kukuona macho, na mimi niliyezijua lugha zenu zote mbili nilikaa katikati nikajifanya bubu.

Usinisamehe haraka kwa sababu mimi ndiye niliyekubeba. Kasirika kidogo. Ukikasirika nitajua umeelewa.

Mashauri sina mengi, nina miaka kumi na tisa na sijafika mbali kuliko uwanja wa ndege. Ninachokijua ni hiki kimoja nilichokipata kwa aibu. Kule utaanza kumpenda. Haitachukua muda, yeye ni mtu wa kupendeka, hata mimi nimejaribu kuacha nikashindwa. Siku hiyo ikifika, usinifiche. Usinipigie ukaniambia chakula chao kibaya na kitanda kigumu ili nifurahi. Nitafurahi, na hapo ndipo ubaya ulipo. Utazoea kunipelekea vijihabari vibaya kama unavyompelekea mbuzi chumvi, na utakua ukidhani kumpenda mtu mmoja ni kumwibia mwingine. Mimi nimeishi hivyo. Inachosha. Usiku unalala unahesabu nani ana nini.

Niambie ukweli. Sema, "Leo alinipeleka kuona nyumba, tukakaa sakafuni, tukanywa chai na Wasomali, nikacheka." Nitanyamaza kidogo kwenye simu. Wewe subiri. Halafu nitakuuliza ilikuwa na tangawizi au la.

Na hilo jina, yeyo, sikuombi uniondolee. Jana sikulala kwa kulipenda. Lakini usilishike kama fimbo ya kumchapia yeye. Mwite unavyoweza, likija lenyewe lije. Naye nimemwambia asikulazimishe.

Huenda unasoma na unawaza, basi nitabaki nimtunze yeyo. Hapana. Ukibaki kwa ajili yangu, kila nitakapokutazama nitamwona mama yako amekaa kwenye kuni anapuliza vidole, na mwisho nitakuchukia wewe. Nakuambia kwa sababu najijua. Wivu wangu haushibi, ukilishwa unaongeza sahani.

Mimi nina chuo cha kungoja na ng'ombe wa Koko wa kukamua. Nitalia jikoni, moshi utasingiziwa. Nitakaa sawa baadaye, siyo kesho.

Nitakuja nikupe karatasi hizi mkononi huko malishoni, halafu nitashuka bila kusema kitu. Soma mpaka mwisho kabla giza halijaingia. Ukimaliza, rudisha mbuzi, uende chumbani kwake. Mtakavyosalimiana humo sitaki kuona, hayo yatakuwa yenu.

Na kesho gari likija, najua utanigeukia. Utaniuliza mbele ya watu wote, "Yeyo, niende?" Nitasema nenda. Nitalisema kwa sauti, mimi ambaye sijawahi kusema kitu kwa sauti mbele ya Mjomba Saning'o. Uso wangu utakuwa unasema jingine, sijaweza kuufundisha. Usiutazame, mwanangu. Sikia neno, upande gari.

Mama yako mdogo,
Naserian